Anayebembelezwa naye apewe nafasi ya kujibu

Kwa Mhariri,

Hivi majuzi nilisoma na wanafunzi wa kidato cha tatu, hapa Kisumu, shairi la Andrew Marvell la kumbembeleza mwanamke anayejivuta, lililochapishwa mwaka 1681, miaka mitatu baada ya mshairi kufariki. Kabla sijafuta ubao, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, huyo mwanamke alijibu nini?" Sikuwa na la kumwambia, kwa maana shairi lenyewe halisemi.

Sisi walimu wa fasihi tumezoea kusifu ufundi wa anayebembeleza na kumsahau anayebembelezwa. Marvell, aliyekuwa mbunge wa mji wa Hull, Uingereza (na wasomaji wenu wanajua jinsi wabunge wanavyoahidi), anaanza kwa kusema kwamba lau wangalikuwa na wakati wa kutosha, angalisifu macho na paji la uso kwa miaka 100, kifua kwa miaka 400, na mwili uliobaki kwa miaka 30,000. Ukiyaleta maneno hayo kwenye Kiswahili, hila inafichuka mara moja, kwa sababu kitenzi chetu hakimruhusu kuahidi bila kubeba "-nge-" au "-ngali-", na mtu akikwambia "ningalikusifu" umekwisha kujua kwamba hakusifu wala hana nia. Baada ya sifa zisizotolewa huja kaburi na funza, ndipo anamhimiza waharakishe. Hivyo ni vitisho, hata vikipakwa asali.

Mshairi John Donne, katika shairi lake la kiroboto, hatishi. Yeye hujenga hoja kama wakili. Kiroboto amemuuma yeye, kisha akamuuma mwanamke, damu zao zimechanganyika tumboni mwa mdudu, basi ni kana kwamba wamekwisha kuoana. Mwanamke hasikiki akisema neno, ila ubeti wa tatu unapoanza, amekwisha kumponda kiroboto kwa ukucha. Nalipenda mno jibu hilo.

Anayejibu kwa kinywa ni yule wa shairi linalosadikiwa kuwa la Walter Raleigh. Christopher Marlowe alikuwa amemtunga mchungaji anayemwita mpenzi waje waishi pamoja, akimwahidi malazi ya mawaridi, gauni la sufu na viatu vyenye bizimu za dhahabu (mchunga kondoo aliipata wapi dhahabu, sijui). Mashairi hayo mawili yalitoka katika diwani moja mwaka 1600, na mwanamke anajibu kwa mizani ileile na mpangilio uleule wa vina: maua hunyauka, gauni huchakaa, mito hughadhibika. Mkazi wa nyanda za Kano, anayeujua mto Nyando wakati wa masika, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hilo la mwisho. Hata hivyo, mwanamke huyo naye aliwekewa maneno kinywani na mwanamume.

Wasomaji wa kurasa za mashairi watatambua kwamba haya ni malumbano, yale ambayo malenga wetu huyafanya mmoja akitupa neno na mwenzake akalidaka katika bahari ileile. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wasimfundishe Marlowe peke yake bila jibu lake, nanyi, Mhariri, muwaalike washairi wanawake wamjibu Marvell kwa shairi la mizani kumi na sita. Kwa kuwa yeye alijipatia mishororo 46, naomba anayejibu asibanwe kwa beti sita.

Mwalimu wa fasihi,
Kisumu.