Barua kwa Mwende: panya wawili, jiwe moja

Morogoro, Jumapili jioni

Dada Mwende,

Hujambo, na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mvua imetugomea. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na Dokta atakuwa ameshakuambia kwamba ni uvivu. Mkubalie nusu.

Jedwali lako nimelipata. Unasema panya-miiba wa aina mbili, Acomys percivali na Acomys kempi, wanaingia kwenye mitego ya jiwe lile lile hapo Laikipia, na sasa unataka kuandika kuwa "wanaishi pamoja bila kushindana". Mwende, usiandike hivyo. Jedwali lina kituo, uzito na jinsia, lakini saa haimo. Mitego imetegwa saa kumi na moja jioni na kukaguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mmoja anaweza kuwa aliingia magharibi na mwenzake karibu na alfajiri, wewe ukawaandikia wote "usiku".

Kumbuka kisa cha Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi. Pale Acomys cahirinus na Acomys russatus wanakaa kwenye miamba ile ile, na kiangazi wote wawili hula zaidi wadudu. Cahirinus hutoka usiku, russatus mchana, tena jua la jangwani! Mtafiti Shkolnik alieleza mwaka 1971 kwamba cahirinus walipoondolewa, russatus walianza kuonekana usiku pia. Kumbe usiku walikuwa wamefungiwa mlango. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wanakaa, ila kwa zamu, kama walinzi wa getini. Na mtu wa kukagua mitego alfajiri tu angerudi nyumbani akiamini pale kuna aina moja.

Hata ndani ya usiku zamu zipo. Kwenye mchanga wa jangwa la Negevu, Israeli, kuna Gerbillus wawili, panya wa jangwani: mkubwa, wa kama gramu 40, hutoka mapema na kuchukua mbegu nono, na mdogo, wa kama gramu 26, hufuata baadaye na kuokota mabaki. Upepo wa mchana hufukua mbegu upya, na karamu inaanza tena.

Kwa hiyo kagua mara tatu: saa tatu usiku, saa tisa usiku, na alfajiri kabla jua halijachomoza. Mchana funga mitego, maana lile bati la alumini likipigwa na jua linakuwa tanuri na mnyama hufa upesi. Ukitaka kujua habari za mchana, weka kamera. Andika na hali ya mwezi, kwa sababu kwenye mbalamwezi panya hujibana mianyani kwa kuogopa bundi, na huwezi kulinganisha usiku wa mwezi mpevu na wa giza.

Halafu hizo mita 10 kati ya mtego na mtego. Kwa panya shamba wetu wa hapa zinafaa, shamba ni tambarare. Kwenye jiwe lako, mita 2 zinatosha kumtoa mnyama kwenye ufa mwembamba hadi kwenye nyasi. Pima upana wa ufa, umbali hadi kichaka cha karibu, na kama kuna kivuli. Huenda wanagawana jiwe hilohilo chumba kwa chumba. Nadhani ndivyo, lakini… saa kwanza.

Na una hakika ni aina mbili? Panya shamba Mastomys natalensis na Mastomys coucha walichanganywa miaka mingi kwa sababu kwa macho ni kitu kimoja. Mmoja ana kromosomu (nyuzi za vinasaba ndani ya seli) 32, mwingine 36. Kata kipande kidogo cha sikio kwa ajili ya kupima vinasaba, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 96, andika namba kwa penseli (wino huyeyuka, tumeshaongea).

Ila tundu la sikio lisiwe alama yako! Panya-miiba hawa hawa wa kwenu ndio walioonyeshwa mwaka 2012 kuwa tundu la milimita 4 huziba kabisa. Utamhesabu mnyama mmoja mara mbili. Kwa usiku tatu punguza manyoya ubavuni. Kwa miezi, tumia chipu chini ya ngozi, kwa mkono mwepesi.

Ukitaka kuthibitisha ushindani, ondoa aina moja kwenye mawe kadhaa na uache mengine kama yalivyo. Endelea kuwatoa, maana wageni huhamia haraka. Kibali kwanza, tafadhali.

Sasa nijibu. Chambo ni siagi ya karanga na nini? Siafu wamekula wangapi mitegoni? Nyani bado wanabeba mitego? Unaweza kuniazima kamera nne hadi mwezi wa nane? Na yule kijana wa gari, alirudi?

Wako,
Shabani

N.B. Usimshike mkia wala ngozi ya shingo. Ngozi yao huchanika kama karatasi iliyolowa, utabaki na kipande mkononi. Mpime ndani ya mfuko.