Jina lako liko namba ngapi?

Mwanangu Nafula,

Salamu kutoka Nakuru. Tangu simu yako ya Jumapili usingizi umenikataa. Nimechana karatasi kwenye daftari la chama chetu cha kuchangiana pesa nikuandikie, kwa sababu kwa simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa napandisha sauti, halafu tunaagana vibaya. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Nina swali moja tu. Kwenye ile barua mliyoipeleka kwa wakubwa wenu wa kazi, jina lako liko namba ngapi?

Ulizungumza mambo mengi na nilikusikia. Kwamba mnapewa mkataba wa miezi mitatu mitatu, huu ni mwaka wa tatu, ili msihesabiwe kuwa wafanyakazi wa kudumu. Kwamba Jumamosi mnakutana vijana kumi na kitu mnamsoma Marx, yule Mjerumani wa ujamaa. Halafu ukaanza kunifafanulia maana ya thamani ya ziada, ile inayobaki kwa mwenye mali baada ya mfanyakazi kulipwa, polepole, kama mwalimu wa darasa la pili. Nafula, mimi nimefunga maua Naivasha miaka 14.

Sijawahi kukwambia hili. Januari 2006 tulikuwa tunafunga waridi za duka kubwa la Uingereza, za ile sikukuu yao ya wapendanao. Plastiki za kufungia zilikuja zimeshabandikwa bei kwa pauni. Fungu la maua ishirini, pauni tano. Dada mmoja wa meza yangu alijua pauni inabadilishwa kwa shilingi ngapi, ilikuwa mia na ishirini na kitu. Tukapiga hesabu kwa kidole juu ya meza iliyolowa. Mimi nilikuwa napata shilingi 4,300 kwa mwezi. Mshahara wangu wa mwezi mzima haukufika mafungu saba. Na mafungu saba nilikuwa nayafunga kwa dakika kumi, miiba na yote.

Najua kuna ndege, kuna mbolea, kuna vyumba vya baridi, na huko kwao kuna kodi ya duka. Hayo yote tuliyatoa. Tuliyatoa mara mbili, maana dada yule alipenda haki hata kwa anayemnyima. Bado kikabaki kitu kikubwa ambacho hakuna mtu aliyewahi kutueleza kinakwenda wapi.

Unajua nilijisikiaje siku hiyo? Hasira ilikuja baadaye. Kwanza nilipumua. Miaka yote nilikuwa naamini tatizo ni mimi. Shosho, nyanya yako, alikuwa akiniambia mkono wangu unavuja, kwamba wenzangu wanajenga na mimi sijui pesa zangu zinaishia wapi. Nililala usiku mwingi nikijihesabia makosa: ile nguo niliyonunua, ile soda. Siku ile nilijua mkono wangu hauvuji. Kwa hiyo nikisikia hayo maneno ya ujamaa yamekuingia namna hiyo, sishangai. Mtu anayerudi chumbani na mgongo unauma, na kodi ya tarehe tano haijatimia, akiambiwa kwamba si uvivu wake, atamsikiliza huyo anayesema hata kama hajamaliza kitabu. Neno lako, thamani ya ziada, nimeliandika nyuma ya daftari. Ni neno zuri.

Lakini swali langu hujalijibu.

Dada yule wa hesabu ndiye aliyeandika karatasi. Tulitaka glavu za maana, na tulitaka kulipwa ovataimu ya usiku, basi. Hakukuwa na siasa. Jina lake aliliweka la kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kalamu. Karatasi ilizunguka mtaani kwetu Karagita chumba kwa chumba, ikawa na majina 31. Ilipofika ofisini yalisomeka 19, mengine yalikuwa yamekatwa kwa mstari. Hawakumgusa mtu mara moja. Walingoja maua ya tarehe 14 Februari yaondoke yote. Tarehe 16 akaitwa peke yake, akarudi na bahasha.

Aliuza mandazi pale stendi miezi miwili, kisha akarudi kwao. Wewe ndiyo ulikuwa umeingia darasa la kwanza. Ulikuwa na viatu vipya, unavikumbuka, vyeusi vya kamba. Nilipokuwa napita stendi asubuhi nilikuwa navuka ng'ambo ya barabara. Kalamu niliyokatia jina langu ilikuwa ya bluu, na majina yote yaliandikwa kwa nyeusi.

Basi nikikuuliza namba, usidhani ni woga wa mama wa kawaida. Ingawa woga nao upo. Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, mtoto wa watu akichelewa kufika nyumbani, mama yake hawazi tena habari za msongamano wa magari.

Guka, babu yako, alikuwa na hadithi moja tu ya siasa. Mwaka 1965 Mzee Kenyatta alisimama mkutanoni kule Kandara akamuuliza Bildad Kaggia mbele ya watu: wenzako tuliofungwa nao wamejijengea, wewe umejifanyia nini? Kaggia alikuwa amefungwa naye tangu kesi ya Kapenguria, ile ya Mau Mau wakati wa ukoloni. Kosa lake lilikuwa kusema ardhi ya walowezi wapewe waliofukuzwa juu yake, wasiuziwe tena kwa mkopo kitu kilichokuwa chao. Alipoteza cheo serikalini kwa sababu hiyo, na uzeeni alikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Guka alikuwa akitusimulia hayo kutufundisha tusiwe wajinga kama Kaggia. Na huyo huyo guka alinunua hisa kwenye kampuni ya ununuzi wa mashamba, akalipa mpaka mbuzi wakaisha, na shamba hakuliona hadi tulipomzika. Sijui kama aliwahi kuziweka hadithi hizo mbili pamoja. Mimi nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini nilipoziweka.

Na Desemba, mezani, mbele ya binamu zako, mimi nikakuuliza umejifanyia nini Nairobi. Niliona ulivyoweka kijiko chini. Lilinitoka kwa sauti ya guka kabisa.

Kuna jambo mnalosema kwenye kikundi chenu ambalo silikubali, kwamba watu wa chini wanahitaji kuamshwa. Nani alale? Mwezi uliopita jirani yetu wa nyumba ya tatu alifiwa na mume, hospitali ikakataa kutoa mwili mpaka bili ilipwe. Siku tisa. Sisi wa chama tulichanga, wauza mboga wa sokoni wakachanga, kijana wa bodaboda aliyekuwa akimbeba marehemu akatoa elfu mbili na hana hata tairi nzuri. Tukamtoa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesoma kitabu. Lakini nilipokuwa naandika majina na michango nilijiuliza jambo ambalo naona ndilo lenu: kwa nini mtu afe kwanza ndipo sisi maskini tulipiane? Na tukitoka mazishini, kila mmoja anarudi kwa deni lake peke yake, na simu ikilia usiku ni kampuni ya mkopo. Mkizungumzia hapo, mtapata watu. Mkianza na kuamsha, wataondoka, na mimi nitaondoka nao.

Kisha usome pande zote. Baba yako alifanya kazi na dereva wa lori kutoka Mwanza, mtu mzima, aliyempenda Nyerere kwa machozi. Alikuwa akisema Azimio la Arusha la 1967 lilimpa shule, na kwamba kiongozi kukatazwa kuwa na nyumba za kupangisha ni jambo asingeliamini kama asingeliona. Huyo huyo alisimulia jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya sabini, wakaacha migomba inazaa. Yote mawili yalitoka kinywa kimoja. Je, mnayasoma na hayo Jumamosi? Mkiyaruka, atakuja mtu awaulize mshindwe kujibu.

Narudi pale pale. Kama jina lako ni la kwanza, mwanangu, halifutiki na sikuombi ulifute. Nisikilize vizuri hapo: sikuombi ulifute. Ila barua ijayo andikeni majina kwa duara, kama ukingo wa chapati, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Kwenye chama chetu ndivyo tulivyofanya tulipomwandikia landilodi kuhusu choo, akakosa wa kumwanza. Pia jiungeni na chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, hata kama viongozi wake mnawaona wamelala. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inawaruhusu kujiunga na hata kugoma. Karatasi ya haki ni nyembamba, najua, lakini sisi mwaka 2006 hata hiyo hatukuwa nayo. Na wakikuita ofisini, usiingie peke yako. Usiingie peke yako, Nafula. Mwambie mwenzako akusindikize hata kama ni kusimama mlangoni tu. Dada yule aliingia peke yake, na sisi 30 tulikuwa tunaangalia mikono yetu.

Sikukusomesha ili uwe namba moja kwenye karatasi ya namna hiyo. Lakini nilipoikata simu Jumapili, baba yako aliniuliza mbona natabasamu. Nikamwambia sitabasamu.

Goti lake bado. Amepewa dawa ya kupaka, anapaka anapokumbuka. Gata ya nyuma imeanguka na mvua hii, maji yanaingia jikoni. Fundi anataka elfu tatu na mia tano, nimemwambia angoje zamu yangu ya chama tarehe 20. Usitume pesa. Ulizotuma zilinunua gesi, na zilizobaki nimemrudishia mama wa nyumba ya tatu alizonikopesha mwezi wa pili. Parachichi limezaa mwaka huu mpaka matawi yanainama, watoto wa jirani wanapanda ukuta, nimewaacha.

Mchwa wameingia kwenye sanduku la guka. Nimetoa kila kitu juani. Cheti cha hisa kimeliwa pembeni lakini jina lake na namba bado vinasomeka. Baba yako anasema tuchome takataka hiyo. Nimekikunja ndani ya mfuko wa unga mpaka uje uniambie tukiweke wapi.

Barua hii inakuja na matatu ya asubuhi, pamoja na gunia la viazi. Lipokee mwenyewe, mizigo ikilala pale ofisini kwao hupungua. Viazi vya juu vimechubuka, anza kupika hivyo. Na unipigie leo usiku baada ya saa tatu, baba yako akishalala, uniambie namba.

Mama yako.