Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Jiji; Mkuu wa Shule; Afisa Ustawi wa Jamii; walimu wetu; wazazi na walezi; wanafunzi wenzetu. Itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana shuleni kwetu. Tunaikumbuka leo tarehe 16 Juni kwa sababu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, ambao mwaka 1976 waliandamana kupinga uamuzi uliofanywa juu yao bila wao kusikilizwa. Nasi tumeona siku hii itufae kuzungumzia jambo moja tu: mtoto kuelezwa na kuulizwa kabla hajatibiwa, hajachanjwa au hajafanyiwa utafiti.

Tuanze na la kujivunia. Mwaka 2017, hapa hapa Mwanza, utafiti ulioitwa DoRIS ulianza kuandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Watafiti walitaka kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, inatosha, au ni lazima ziwe mbili au tatu. Wasichana waligawanywa kwa bahati nasibu, wakachanjwa, kisha wakawa wanarudi kutolewa damu. Mzazi aliweka saini kwenye fomu ya ridhaa, lakini saini hiyo haikutosha. Msichana mwenyewe naye aliulizwa kama anakubali. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa: karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kinga mwilini miaka miwili baadaye. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, likitegemea tafiti kadhaa ukiwamo huu na mwingine wa Kenya, lilikubali kwamba dozi moja inaweza kutumika. Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, badala ya mbili zilizokuwa zikitolewa tangu 2018.

Tafadhali tuwatafakari kidogo dada zetu hao. Mtoto wa miaka kumi wa Mwanza alielezwa kwa lugha anayoielewa, akakubali, akanyoosha mkono achomwe sindano, na kukubali kwake kumesaidia kubadilisha ratiba ya chanjo ya nchi nzima. Tunapoambiwa kwamba watoto hawawezi kuelewa mambo ya kitaalamu, sisi huwataja hao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, si kila mara tunapata bahati hiyo. Tulipokuwa shule ya msingi tulipewa kingatiba za kichocho na minyoo. Tulipangwa mstari, tukasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia, tukaambiwa "meza". Wapo walioficha vidonge chini ya ulimi wakavitema nyuma ya madarasa. Hakuna aliyetuambia kwamba fimbo ile hupima urefu ili ijulikane mtoto ameze vidonge vingapi, wala kwamba tuliambiwa tule kwanza ili tusipate kichefuchefu na kizunguzungu. Sisi ni watoto wa ziwani, kichocho tunakijua. Tungeelezwa kwa dakika tano tu, tungemeza. Siku ya chanjo ya HPV ilikuwa vivyo hivyo: uvumi kwamba inafunga kizazi ulifika shuleni kabla ya muuguzi, na baadhi ya wenzetu wakajifungia chooni.

Hatusemi kwamba mtoto akikataa sindano basi aachwe. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto chanjo na matibabu, na mtoto mwenye degedege hasubiri fomu. Ila sheria hiyo hiyo, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Hata pale ambapo neno la mwisho ni la mzazi au daktari, mtoto anastahili kuelezwa ukweli. Kwenye utafiti tunaomba zaidi ya hapo. Matibabu ni kwa faida ya mgonjwa mwenyewe, utafiti ni kwa faida ya wengi, na kwa hiyo mtoto akisema hapana, iwe hapana.

Hapa ndipo penye uchungu kwetu. Walifika shuleni wageni wenye madodoso. Yaliuliza kama tunapigwa nyumbani, kama tuna wapenzi, kama kuna mtu amewahi kutushika bila sisi kutaka. Juu ya karatasi palikuwa na nafasi ya kuandika jina. Mwalimu alisimama mlangoni, hakuna aliyetuambia kwamba tunaweza kukataa, na karatasi zikakusanywa na kiranja wa darasa. Mwenzetu mmoja aliandika ukweli, na kufikia jioni darasa zima lilikuwa limeshaujua.

Nchi yetu inajua namna ya kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Wazazi walielezwa kwa ujumla kwamba vijana wataulizwa kuhusu afya, elimu na maisha yao. Maelezo kamili alipewa kijana mwenyewe, faraghani, kwa sababu huenda anayemdhuru anaishi naye nyumba moja. Katika kila eneo walihojiwa wavulana tu au wasichana tu, ili aliyetenda na aliyetendewa wasihojiwe mahali pamoja. Aliyehitaji msaada alielekezwa pa kuupata. Kwa uangalifu huo taifa likaambiwa ukweli mzito: karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tunaamini wasingesema hayo huku mwalimu amesimama mlangoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Mtafiti yeyote anayeingia katika shule za jiji hili, hata akiwa na kibali mkononi, atueleze kwanza kwa Kiswahili chepesi anatafuta nini, majibu yatawekwa wapi, na kwamba ruhusa ya kukataa ipo bila adhabu. Majina yetu yasiandikwe kwenye dodoso, na walimu wetu, tunaowaheshimu sana, watupishe tunapojibu.

Ombi la pili linahusu vituo vya afya. Tangu 2019 sheria inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima virusi vya ukimwi bila idhini ya mzazi, lakini bado wapo wenzetu wanaorudishwa dirishani kwa kuambiwa "njoo na mama". Tunaomba watoa huduma wote wakumbushwe, na tangazo libandikwe ukutani mahali ambapo kijana ataliona kabla hajafika dirishani.

Mwisho, tunaomba muuguzi mmoja aje kutuzungumzia kabla ya kila zoezi la chanjo au kingatiba. Klabu yetu iko tayari kumsaidia kwenda nazo habari hizo hadi shule za msingi za jirani, kwa wadogo zetu ambao watatuamini kwa kuwa tumepitia mstari ule ule.

Tunaomba kuwasilisha.