Mipichi 400 na mke asiyetajwa

Lincoln, Nebraska
Jumapili usiku

Kocha ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna masikio. Mama Kocha hajambo? Watoto? Najua umeninunia, na una haki. Miezi minne sikukujibu. Ujumbe wako wa sauti wa dakika 11 nimeusikiliza mara tatu, na mara zote tatu jogoo wako kaongea kuliko wewe. Lakini lile neno lako la mwisho nimelisikia vizuri. Kuhusu shamba la kwetu huko Lushoto, lile ambalo Ba'mdogo anasema ni la babu, ulisema: "Karatasi zinasema babu, sasa mimi nifanyeje?" Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kazini zamu ya usiku. Leo nimeona nikuandikie kabisa, maana kwa simu utanikatisha na mambo ya Simba na Yanga.

Sikiliza. Jumamosi iliyopita jirani yangu Mkongo alikuwa na safari ya Beatrice, mji mdogo uko kusini ya hapa, kama kilomita 65, anakwenda kuangalia gari la mkononi. Nikadandia. Gari lenyewe lilikuwa kopo, wala hatukulijadili. Tukaona petroli isipotee bure, tukapita kwenye hifadhi moja nje kidogo ya mji. Usidhani hifadhi ya tembo. Ni shamba! Serikali yao imelihifadhi shamba la mkulima mmoja tangu 1936. Nikacheka peke yangu: mtoto wa Lushoto, nimevuka bahari kuja kuonyeshwa shamba.

Mkulima mwenyewe anaitwa Daniel Freeman, mzaliwa wa Ohio mwaka 1826. Mei 1862, wakiwa katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Lincoln alitia saini sheria ya kugawa ardhi. Mtu aliyefika miaka 21, au mkuu wa kaya, raia au aliyekwisha kuomba uraia, ambaye hajawahi kuishika silaha dhidi ya serikali, anapewa ekari 160. Ada zote hazizidi dola 18. Lakini ajenge, alime, akae hapo miaka mitano, kisha majirani wawili waje waape kwamba ni kweli. Hata mjane na mwanamke asiyeolewa waliruhusiwa kuomba. Aliyekuwa na mume, hilo lilikuwa jambo la mume.

Sheria ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1863. Husimuliwa kwamba Freeman alikuwa askari anayetakiwa kurudi kikosini, na ofisi ya ardhi pale Brownville, kando ya mto Missouri, ilikuwa inafungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya. Kwenye mkesha akambembeleza karani, na karani akamfungulia ofisi baada tu ya saa sita usiku. Kocha, karani wa ardhi, saa sita za usiku! Sisi mchana kweupe tunaambiwa mwenye ufunguo kaenda msibani. Basi faili lake likawa ombi namba 1, hati namba 1, kitabu cha 1, ukurasa wa 1. Watu wengine nao walijiandikisha siku hiyohiyo, ila anayepewa sifa ya kuwa wa kwanza ni yeye.

Sasa nakuja kwenye karatasi, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Pale ndani kuna maelezo ya ule ushahidi wa majirani. Ni wa tarehe 20 Januari 1868, miaka mitano imetimia na siku zake. Majirani wawili, Joseph Graff na Samuel Kilpatrick, wanaapa kwamba wanamfahamu Freeman kwa zaidi ya miaka mitano. Kisha wanahesabu. Nyumba ya futi 14 kwa 20, nusu magogo nusu mbao, ghorofa hakuna. Milango miwili. Madirisha mawili. Sakafu ya mbao, na kwamba ni nyumba ambayo mtu anaweza kuishi kwa raha. Ekari kama 35 zimelimwa na kuzungushiwa uzio. Banda la farasi. Banda la kondoo la urefu wa futi 100. Ghala la mahindi. Miti ya matufaha 40.

Na mipichi kama 400.

Nilisimama hapo hadi Mkongo akaja kunivuta mkono. Mipichi 400! Nilidhani mapichi ni mambo ya kwetu milimani. Unakumbuka mwalimu wetu alivyotulazimisha kuyaita mafyulisi, tukienda sokoni tukisema mafyulisi tunachekwa? Basi mzee huyu alikuwa na mafyulisi mengi kuliko ya kijiji chetu kizima. Niliwaza: nani aliyachimbia mashimo yote yale? Nani aliyamwagilia kiangazi? Maana huku hakuna ukungu wa kwetu Magamba wa kulowesha mche. Ni tambarare, upepo na majani tu, hadi macho yanachoka.

Nikarudi kusoma juu. Unajua wameandika nini kuhusu watu wa mle ndani? "Mkuu wa familia yenye mke na watoto wawili." Basi. Mke. Watoto wawili. Milango miwili, madirisha mawili, watoto wawili. Mipichi imekadiriwa, banda la kondoo limepimwa kwa futi, mke hana jina.

Jina lake Agnes. Agnes Suiter kabla ya kuolewa. Na jina hilo mimi nimelipata kwingine kabisa, kwenye habari za barua zao za uchumba, ambazo familia ilizitunza. Habari yenyewe inatia huruma kidogo. Kwanza alikuwa mchumba wa James, nduguye Daniel. James akafia vitani. Daniel akaanza kumwandikia, wakaandikiana, wakaoana Februari 1865. Kwetu Ba'mdogo angetikisa kichwa akasema hayo ni mambo ya kawaida, mchumba harudi kwao mikono mitupu. Daniel alikufa Desemba 1908, Agnes akamzidi kwa miaka zaidi ya 20, hadi 1931. Wamezikwa wote pale pale shambani.

Halafu nikakaa nikapiga hesabu, utajua tena kwa nini mwalimu alikuwa ananichapa kwa maswali. Majirani wameapa kwamba Freeman ameishi katika nyumba ile, na kwamba ndiyo makao yake pekee, tangu tarehe 1 Januari 1863. Haya. Tarehe 1 Januari 1863 si ndiyo usiku ule alikuwa Brownville anambembeleza karani? Brownville na pale shambani ni karibu kilomita 100! Tena alikuwa askari anayerudi kikosini. Kwa hiyo ama ile hadithi ya usiku wa manane imetiwa chumvi, ama kile kiapo kimetiwa chumvi, na mimi nadhani chumvi imeingia kote kote. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba mashahidi wetu ni wazee wanaochanganya miaka. Hati namba 1 ya taifa kubwa imesimama juu ya mashahidi wa namna hiyohiyo, na leo watu wanalipa nauli kwenda kuitazama.

Kuna wengine pia hawamo kwenye ile karatasi. Eneo lile walikuwa wanaishi Waoto na Wamissouria, wenyeji wa asili wa huku. Mwaka 1854 walisainishwa mkataba, ardhi yao kubwa ikaenda, wakabakiziwa kipande kwenye mto Big Blue, hapo hapo kusini ya Beatrice. Freeman anapanda mipichi, wao bado wako jirani. Ilipofika 1881 wakahamishiwa Oklahoma. Ile karatasi inasema hapakuwa na mtu mwingine yeyote anayeishi kwenye ardhi ile mwenye haki ya kuiomba. Nililisoma sharti hilo mara mbili. Nikamkumbuka babu yako akisimulia habari za walowezi wa Kijerumani pale milimani, alivyokuwa akifika mahali fulani ananyamaza na kuomba ugoro.

Haya, nirudi kwa Agnes, na nirudi kwetu, maana umeshaanza kujiuliza huyu anataka nini.

Kocha, zile risiti za kodi anazotembea nazo Ba'mdogo kwenye mfuko wa plastiki, zina jina la babu. Kweli kabisa. Sizibishii. Lakini babu miaka ile yote alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga huko, anarudi Idi hadi Idi na mkate wa bofulo. Shamba lilishikwa na bibi. Matuta yale ya upande wa korongoni alichimba bibi. Mipichi ile kumi na kitu, na maplamu ya kule juu, alipanda bibi, na baada ya bibi akashika mama, na mama alipougua akashika dada, ambaye sasa anaambiwa yeye ameolewa, asikanyage kikao cha ukoo cha hilo shamba. Ba'mdogo anasema "shamba la babu" kama vile babu aliwahi kushika jembe pale zaidi ya wiki mbili kwa mwaka. Mtu anayesoma zile risiti miaka 100 ijayo atasema hivyohivyo. Mke. Watoto wawili.

Huku nao karatasi zao zina matundu. Sensa yao ya 1890 karibu yote imepotea kwa sababu ya moto uliotokea Washington mwaka 1921, kwa hiyo mtu akitafuta mababu zake anaruka miaka 20 nzima kama mtu anayeruka mtaro. Wao moto, sisi mchwa. Lile daftari la kwetu lilivyoliwa nakumbuka, uliniletea kipande cha jalada nikadhani ni chapati. Lakini moto au mchwa, kinachobaki ni kile alichokisema mtu kwa mdomo wake na mwenzake akakiandika.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na usiniambie utaangalia. Kabla ya kikao, yaani kabla ya Jumamosi ile ya pili baada ya Idi, nenda kwa Babu wa Mashine, kisha nenda kwa Bibi Mandazi. Hao wawili ndio majirani wa mpaka, mmoja juu ya masale, ile miti ya mpaka, mmoja chini. Umri wao unaujua. Kifua cha Babu wa Mashine unakijua pia. Usiwaulize shamba ni la nani, hapo watakuogopa, watasema la ukoo. Waulize kama wale wa Nebraska walivyoulizwa. Nani alichimba matuta, mwaka gani, kabla au baada ya ile mvua iliyobeba daraja. Mipichi mingapi. Nani aliitoa miche Magamba na kuileta kwa kichwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa na milango mingapi. Nani alikuwa anaishi humo, na hapa, Kocha, kila mtu atajwe kwa jina lake. Jina la bibi alilopewa na baba yake, siyo "Mama Fulani." Na la mama. Na la dada.

Andika, wasomee, waweke dole gumba, mwenyekiti wa kitongoji atie saini na tarehe. Nakala tatu. Moja usimpe mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile Namba 5 ya 1999, inasema wazi haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa hiyo mwenyekiti asijifanye hajui. Nimetuma hela kidogo kwa shemeji, ya nauli na ya sukari ya wazee. Usiende mikono mitupu, na usimpe Bibi Mandazi sukari mbele ya Babu wa Mashine, unawajua.

Najua utasema mimi niko mbali, rahisi kupanga. Ni kweli. Nimewaza nije mwenyewe, nimehesabu likizo, nimehesabu tiketi, nikahesabu tena... tuyaache hayo.

Sasa nijibu, tena kwa maandishi. Ba'mdogo amekwisha kuita mpimaji au anatisha tu? Ile miti ya mpaka bado ipo, au ndiyo imekatwa kama dada alivyosikia? Babu wa Mashine bado anasikia vizuri, au uende na kijana wake? Kuna mtu yeyote anayekumbuka bibi alizaliwa wapi, Mlalo au Mtae? Mimi nilikuwa nasikia zote mbili. Mipichi mingapi bado inazaa? Nenda kaihesabu kwa kidole, usinikadirie kama Joseph Graff. Na mama yako bado ana ile picha ya arusi ambayo bibi amesimama nyuma ya mlango?

Nisalimie kijiwe chote isipokuwa yule mwenye deni langu.

Mwenzako wa dawati la nyuma

Tena: ukienda kuwarekodi wazee kwa simu, jogoo umfungie ndani.