Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Uje Marangu Februari

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, salaam.

Desemba mkoa wetu hupendeza. Magari ya Dar es Salaam yanapishana kwa shida kwenye barabara za migombani, mbuzi wanachinjwa, mbege haikauki. Ukiutazama mkoa wakati huo utadhani neema imehamia huku. Katikati ya Januari wote wameshaondoka, ndiyo maana nakuomba uje Februari. Wanaobaki kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, ni bibi, babu na kijana wa ng'ombe.

Sensa imeshasema. Mwaka 2012 Kilimanjaro tulikuwa watu milioni 1.64 na Arusha milioni 1.69, karibu sawa. Mwaka 2022 sisi tulifika milioni 1.86, wenzetu milioni 2.36. Uzazi umechangia, sikatai, maana siku hizi huku watoto ni wachache. Ila ukipita Marangu au Rombo ukahesabu nyumba zilizofungwa, utajua uzazi peke yake hautoshi kueleza.

Wapo wanaosema Mchagga kuhangaika ni hulka yake. Maneno ya kijiweni hayo. Wazee walianzisha KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933, na kahawa ikasomesha watoto wao. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka, na wakati huohuo kihamba kinagawanywa kwa watoto wa kiume, kisha kwa wajukuu. Aliyerithi kipande cha kutosha migomba michache na banda angekaa ale nini?

Sasa kuna jambo ambalo silisikii mikutanoni. Vihamba hivyo vinatunzwa na vijana wa kutoka mbali, wengi Singida na Dodoma. Jirani yangu anaishi Dar. Hapa ana nyumba nzuri, bati la msauzi, geti la chuma. Anayelala humo ni kijana wa Iramba. Alfajiri anaangusha mgomba, anaukatakata kwa panga kwa ajili ya ng'ombe, anakamua, anapeleka maziwa, kisha anashika jembe. Kwao wanalima alizeti. Anasema dalali hufika wakati wa mavuno, wakati kila nyumba ina deni, na magunia yanajazwa lumbesa, kupita kipimo. Mshahara wake ukiingia (bosi huchelewa, na hakuna wa kumuuliza), siku hiyohiyo yuko kwa wakala anatuma kwa mama yake.

Basi mtoto wa Marangu yuko Kariakoo, na mtoto wa Iramba yuko Marangu. Kila mmoja amefuata penye nafuu kuliko kwao, na wa Iramba ndiye aliyeshikilia shamba letu bila haki yoyote juu yake.

Sikuombi uwazuie watu kuondoka, wala kuwarudisha hawa makwao. Naomba kuhusu ardhi. Kihamba hakiuzwi, makaburi ya wazee yamo mle, na katika hilo sina ubishi. Kukodisha ndiko kunakoogopwa: mwenye kihamba anahofia mpangaji akikaa miaka mingi atadai ni chake. Ndiyo maana makubaliano ni ya mdomo, ya msimu mmoja. Mparachichi, hata wa kupandikizwa, unataka miaka kama mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Nani ataupanda kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa mwezi ujao?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila, na halmashauri za vijiji zipo. Waelekeze wakurugenzi wa Moshi, Rombo na Hai waandae mkataba mmoja wa kukodisha, wa lugha nyepesi, wa miaka kumi, unaoshuhudiwa na ukoo na serikali ya kijiji, na unaosema waziwazi kwamba ardhi inabaki ya ukoo na mazao ni ya aliyelima. Vijana wetu waliobaki nao wautumie.

Wenye vihamba wasikupe tabu kuwapata. Wote wamo kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo. Michango ya misiba inawafikia humo kila wiki, na hili litawafikia.

Wako,
Mkazi wa Marangu