Anayechimba andagraundi apime na nyumba ya jirani

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kila ghorofa jipya Kariakoo linanadiwa kuwa la kisasa: kamera kila kona, mlango wa kadi, taa zinazojizima zenyewe. Sina ugomvi na hayo. Ninachouliza ni nani anayeangalia chini ya jengo.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka huku kwetu likaua watu zaidi ya 20. Walionaswa walikuwa wakipiga simu kutoka chini ya kifusi. Wafanyabiashara waliokuwapo walisimulia kwamba sehemu ya chini ilikuwa ikichimbwa. Kabla ya hapo, Machi 2013, lile la Mtaa wa Indira Gandhi liliua 36.

Ardhi ya katikati ya Dar es Salaam ina mchanga mwingi na maji hayako mbali. Anayechimba andagraundi hana budi kuyavuta kwa pampu usiku na mchana. Maji hayo hayajui mpaka wa kiwanja. Usawa wake ukishuka, unashuka hadi chini ya jirani, mchanga unajishindilia, na msingi wake unatitia upande mmoja kuliko mwingine. Hapo ndipo nyufa zinapoanza. Na pampu ikitoa maji ya tope, ogopa zaidi, maana tope lile huenda ni ardhi ya jirani inayomwagwa mtaroni.

Fremu niliyopanga iko ubavuni mwa shimo la namna hiyo. Ufa ulipotokea juu ya mlango wa stoo, niliweka alama ya penseli kwenye ncha yake, na tarehe. Mwenye nyumba akaleta fundi, akapiga plasta na rangi, alama yangu ikazikwa humo humo. Kuna njia ya zamani ya kubandika kipande cha kioo juu ya ufa. Kikipasuka, jengo linatembea. Leo vipo vifaa vya kupima mwinamo, vidogo kama kiberiti, vinavyotuma vipimo kwenye simu, na vipo visima vyembamba vya kupimia usawa wa maji.

Ila kifaa bila mtu wa kukisikiliza ni bure. Tarehe 20 Aprili 2004 huko Singapore, shimo la reli lenye kina cha karibu mita 30 liliporomoka kando ya Nicoll Highway, watu 4 wakafa. Vipimo vilikuwa vimeonyesha ukuta wa shimo unabonyea kupita kiwango. Wahusika wakarudia hesabu, wakakipandisha kiwango, kazi ikaendelea. Baada ya uchunguzi sheria ilikazwa, mashimo marefu yakawa lazima yapitiwe na wahandisi waliobobea katika udongo.

Basi Jiji linapotoa kibali cha andagraundi, nyumba za jirani zikaguliwe na kupigwa picha kabla jembe halijagusa ardhi. Vipimo tuvione na sisi wapangaji, visibaki kwa mkandarasi. Na bango la mradi liandikwe jina na simu ya mhandisi mwenye uwezo wa kusimamisha kazi siku hiyo hiyo, hata mwenye mradi akikasirika. Gharama abebe anayechimba. Kodi ya fremu za huko chini ni yake; asiyeweza kulipia vipimo, asichimbe.

Mpangaji,
Kariakoo, Dar es Salaam