Barua kwa Mwanangu Aliyekabidhiwa Farasi Dume

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako na mimi tu wazima, na mvua za huku Ngong zimeanza vizuri. Barua yako imefika, nami nimeirudia mara kadhaa, hasa pale unaposema kwamba msimamizi wa shamba huko Molo amekutoa kwenye zamu ya majike na kukukabidhi farasi dume. Nimefurahi, kwa kuwa kazi hiyo hapewi kila saisi, yaani mtunza farasi. Hata hivyo nakuandikia kwa kirefu, kwa sababu nimeishi na wanyama hawa tangu ujana wangu, na nimeona kwamba anayeumizwa na dume mara nyingi ni yule aliyemzoea mnyama wake akaanza kulegeza uangalifu kidogo kidogo, kuliko mgeni ambaye bado ana hofu.

Uliniuliza kwa nini shamba lisitumie uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu kwa kifaa bila kupandwa na dume, kama wafanyavyo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ili watu waepushwe na hatari ya kuwakutanisha dume na jike. Jibu ni kwamba kanuni za usajili wa farasi wa mbio wa nasaba ya Thoroughbred, duniani kote, zinataka mtoto awe amepatikana kwa kupandana kwa kawaida. Aliyezaliwa kwa uhimilishaji hasajiliwi, na asiyesajiliwa hawezi kushindana na farasi wa nasaba hiyo katika uwanja wa Ngong, ambao tangu ulipofunguliwa mwaka 1954 umekuwa ndio soko la kazi yetu. Kwa hiyo mtu wa kushika kamba ya dume ataendelea kuhitajika, na ndiyo maana nataka uishike kwa maarifa.

Kwanza mwelewe alivyo. Farasi wanaoishi porini pasipo kufungwa huishi katika makundi madogo ya majike na watoto wao pamoja na dume mmoja, naye hukaa pembeni au nyuma ya kundi akilichunga, huku madume vijana waliofukuzwa wakikusanyika katika makundi yao wenyewe. Kazi aliyozaliwa nayo ni kujua nani anakaribia, kunusa, kuita, kuwarudisha majike wanaotawanyika na kumzuia dume mwingine. Basi unapomwona anapiga kelele kila gari la farasi linapoingia langoni, au anasimama kunusa rundo la kinyesi kisha anaongeza chake juu yake, usiseme ana pepo wala usimpige. Anafanya kazi yake. Mabishano yenu yaanzie pale tu anapotaka kukufanyia wewe kazi hiyo.

Jifunze kumsoma kabla hajatenda. Akiinua kichwa na kukunja mdomo wa juu hadi fizi zionekane, anapima harufu, mara nyingi mkojo wa jike, na hapo hana nia mbaya na mtu. Lakini akishusha kichwa, akanyoosha shingo karibu na ardhi, masikio yakalala nyuma kabisa na pua zikakunjamana, hiyo ndiyo namna anavyowafukuza majike na maadui, na ukiiona imeelekezwa kwako ujue umechelewa kidogo kuondoka. Jike hupigana zaidi kwa teke la nyuma. Dume hutumia meno na miguu ya mbele, kwa hiyo nafasi ya mbele ya kifua chake, ambayo kwa farasi mwingine tunaipita bila kufikiri, kwake iwe mwiko. Chunga pia mikono na nguo zako. Ukitoka kumshika jike aliye kwenye joto, nawa kwa sabuni na ubadilishe ovaroli kabla hujaingia kwa dume, maana yeye hunusa kilichokuja nawe, na ukiingia na harufu hiyo umemwambia jambo ambalo hukukusudia.

Sasa nije kwenye kumwongoza, kwa kuwa ajali nyingi nilizoziona zilitokea njiani, mtu akimtoa dume bandani kumpeleka malishoni, safari ambayo kila mtu huiona ndogo. Vaa kofia ngumu, buti na glavu kila siku, hata siku ambayo dume amelala mchana kutwa. Kamba iwe ndefu, isipungue mita tatu, ili akisimama kwa miguu ya nyuma uwe na nafasi ya kusogea pembeni bila kumwachia. Sehemu inayobaki ikunje iwe mikunjo mkononi. Usiiviringishe kiganjani kamwe, kwa kuwa akikurupuka kitanzi kitakaza na atakuburuta. Tembea usawa wa bega lake la kushoto, kiwiko chako kikiwa kati yako na yeye, na unapogeuka mgeuze kulia, aende mbali nawe, asije akaukanyaga mguu wako. Akisimama kwa miguu ya nyuma, legeza kamba na ukae pembeni. Anayevuta kwa nguvu wakati huo anaweza kumwangusha kinyumenyume, na farasi anayeanguka hivyo huweza kuvunjika fuvu au kumlalia mtu. Mkifika langoni, ingia naye, mgeuze akutazame wewe na lango, ndipo ufungue kamba na kurudi nyuma ukiwa umemwelekea. Madume wengi hurusha mateke ya furaha mara wanapoachiwa, na mtu aliyefungua kamba huku farasi akitazama malisho huwa yuko palepale miguu inapopita.

Mnyororo unaopitishwa juu ya pua hutumika katika mashamba mengi, nami sikukatazi, mradi ukumbuke kwamba ni wa kutikisa kidogo na kulegeza papo hapo. Ukiuvuta mfululizo, pua hufa ganzi na yeye hujifunza kuukandamiza. Usimfunge mahali kwa mnyororo huo hata kwa dakika moja.

Kuhusu adhabu nina msimamo ambao mabwana wengine wa zamani hawakuupenda. Dume akikuuma au akikuparamia, jibu lako liwe la papo hapo, fupi na moja, kisha lisahaulike, wewe uendelee na kazi kama kawaida. Ukichelewa hata kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, hataunganisha kosa na adhabu, na atakachojifunza ni kwamba wewe ni mtu wa kushambulia bila sababu. Usimpige kichwani, kwa kuwa farasi anayeogopa mkono hushinda siku nzima akijilinda, na dume hujilinda kwa meno. Wala usimwadhibu kwa kuwa amemtamani jike. Hilo hawezi kuliacha. Anachoweza kujifunza ni kwamba kuna wakati wake na mahali pake. Ndiyo maana nakusihi utumie vifaa viwili tofauti: mkanda wa kichwani wa ngozi kwa malishoni na kwa fundi wa kwato, na lijamu maalumu kwa siku ya kupandisha peke yake. Utashangaa jinsi anavyotambua. Dume niliyemtunza kwa muda mrefu alikuwa akisikia mlio wa lijamu ile inapotolewa msumarini huanza kukanyagakanyaga na kuita, na siku ya mkanda wa ngozi alitembea kando ya majike kichwa kikiwa chini.

Siku ya kupandisha, fuata mpangilio hata kama mwenye shamba ana haraka. Jike huingia kwenye joto takribani kila siku 21, na joto hilo hudumu kama siku tano hadi saba, kwa hiyo usikisie. Mpeleke kwenye ubao wa kujaribia, ukuta mzito uliofunikwa kwa godoro, dume akiwa upande wa pili. Aliye tayari huinua mkia, hujitanua miguu na kutoa mkojo kidogo kidogo. Asiye tayari hulia kwa ukali, hulaza masikio na kuupiga ubao. Mkia wa aliye tayari ufungwe bendeji, sehemu za nyuma zisafishwe, na kwato za nyuma ziwe hazina chuma au zivishwe viatu laini. Dume asiletwe moja kwa moja nyuma yake. Mlete kwa pembeni, upande wa kushoto, ili jike amwone. Mshikaji wa jike na mshikaji wa dume lazima wasimame upande mmoja, nao ni wa kushoto, kwa sababu mambo yakiharibika kila mmoja atavuta kichwa cha farasi wake kuelekea kwake na miguu ya nyuma itapelekwa upande usio na watu. Wakisimama pande mbili, kila mmoja humwelekezea mwenzake miguu. Na dume anaposhuka, mwenye jike amgeuze kichwa chake kushoto mara moja, nawe umrudishe dume nyuma hatua kadhaa kabla ya kufanya jambo lolote, kwa kuwa mateke mengi hutolewa wakati huo, watu wanapodhani kazi imekwisha. Mtoto, mgeni au mwenye simu ya kupiga picha asiwepo hapo, hata awe nani.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni upweke. Katika barua yako umesema kwamba mmoja wa madume amefungiwa banda la mwisho, ukuta mzima kila upande, na hutolewa tu siku za kazi, na kwamba anajiuma ubavuni hadi manyoya yametoka. Mwanangu, kujiuma huko si ukorofi. Farasi ni mnyama wa kundi, na dume aliyenyimwa kuona wenzake, kutembea na kula majani muda mrefu huanza kujiuma, kuyumbayumba mlangoni au kung'ata mbao akivuta hewa. Kisha watu humwita hatari na kumfungia zaidi. Huko Avenches, kwenye kituo cha taifa cha farasi cha Uswisi, watafiti waliwaweka madume wa kuzalisha pamoja katika malisho mapana, majike wakiwa mbali wasikoweza kuonekana, wakakuta kwamba ugomvi ulipungua haraka baada ya siku za mwanzo na kubaki zaidi wa kutishana kuliko wa kuumizana. Na Vienna, katika shule ya upandaji farasi yenye ukumbi uliokamilika mwaka 1735, farasi wa Lipizza wanaocheza mbele ya watazamaji ni madume kwa desturi, wakipita bega kwa bega kwa utulivu. Sikuambii uwachanganye madume wenu kesho asubuhi. Farasi waliozoea kupandisha na waliokaa pweke wanaweza kuuana, na kazi ile ilifanywa na wajuzi mahali pasipo na majike. Ninachosema ni kwamba utulivu wa dume hutengenezwa, na kwamba banda la giza huuharibu.

Basi mwombe msimamizi, kwa adabu na kwa hoja, mambo yanayowezekana. Banda hilo lifunguliwe dirisha lenye nondo ili amwone jirani, na jirani awe farasi mtulivu aliyehasiwa. Atolewe malishoni kila siku. Kwa malisho ya dume, uzio uwe wa mbao au mabomba, usipungue mita 1.5 na ikiwezekana ufike 1.8, na usiwe wa seng'enge yenye miiba, ambayo huchana kifua na mguu wa farasi vibaya sana. Umesema kati yake na njia ya majike kuna uzio mmoja tu. Hautoshi. Unahitajika wa pili, wenye nafasi katikati ya kupita trekta, ili pua zisigusane, kwa kuwa pua zikigusana hufuata kelele, kisha mguu wa mbele hupita katikati ya mbao. Jioni warudisheni ndani mapema na asubuhi msiwatoe kabla jua halijapanda, kwa ajili ya vile visubi vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, na chanjo isicheleweshwe.

Wageni watakuja, hasa Jumapili, nao hupenda kumlisha dume karoti mkononi. Kataa, hata akiwa rafiki wa mwenye shamba. Dume aliyezoea kupewa chakula mkononi hutafuta chakula mkononi, na asipokikuta hushika vidole. Chakula kiwekwe kwenye chombo, baada ya yeye kurudi nyuma hatua mbili kwa amri yako. Na unapompitisha uani, paza sauti: "Dume anapita!" Usione haya kufanya hivyo kila mara.

Juu ya wale madume wadogo wawili ambao mwenye shamba anataka wabaki bila kuhasiwa kwa kuwa ni wazuri, natamani sauti yako isikike. Dume mdogo huweza kumpa jike mimba akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja, kwa hiyo watenganishwe na mama zao na dada zao kabla ya hapo. Asiye na nasaba wala mwendo wa kumfanya mzazi wa kizazi kijacho ahasiwe na daktari, kwa dawa ya ganzi, mapema. Aliyehasiwa atapata wenzake malishoni na mtu wa kumpanda miaka yote. Asiyehasiwa bila sababu atazunguka kutoka kwa mnunuzi mmoja hadi mwingine, kila mmoja akimwogopa zaidi ya aliyetangulia. Baada ya kuhasiwa, asiwekwe na majike kwa angalau mwezi mzima, maana mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwa muda. Na yule mdogo unayemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, mtafutie farasi mtu mzima wa kukaa naye wiki hii hii. Mtoto wa farasi anayelelewa na watu peke yao hucheza na watu kama anavyocheza na farasi, na akifika kilo mia nne mchezo huo utamvunja mtu mbavu.

Niandikie mara utakapozungumza na msimamizi kuhusu dirisha na uzio wa pili. Akikwama kwa sababu ya gharama, niambie. Mimi na mafundi wawili wa huku tunaweza kupanda Molo mwisho wa mwezi, mbao zikipatikana.

Wako akupendaye,
Baba